Mtoto Wangu Hakulaaniwa

Hotuba kwa wazazi wa watoto wenye sikoseli, Kisumu, mwezi wa Juni

Ndugu na dada zangu, wazazi wenzangu, na nyinyi majirani kutoka Kondele, Manyatta na Nyalenda ambao leo mmeingia humu kwa mara ya kwanza, nawasalimu nyote. Karibuni sana. Wengi mnatuita Wamormoni. Jina letu kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na viti hivi leo ni vyenu kama vilivyo vyetu.

Nimeombwa nizungumze juu ya familia na uponyaji. Mimi si daktari wala si kiongozi wa kanisa. Ni mama. Binti yetu ana sikoseli, au selimundu kama mnavyosoma kwenye mabango ya hospitali. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia, na ninalitanguliza ili hata mama atakayelazimika kutoka nje kumbembeleza mtoto awe amelipata: ugonjwa wa mtoto wako si hukumu. Si chira, ule mkosi wa kuvunja mwiko. Si laana ya ukoo. Si deni ambalo Mungu anakudai kwa jambo ulilofanya ukiwa msichana. Na kama kuna mtu aliyewahi kukuambia hivyo, basi nyumbani kwako kuna wagonjwa wawili, mtoto na wewe, na wote wawili mnahitaji matibabu.

Nianze na mtoto.

Binti yetu alizaliwa mzima kabisa. Alinyonya, akanenepa, akaanza kucheka na watu. Watoto wengi wa sikoseli huwa hivyo, ndiyo maana wazazi hushtuka baadaye. Mtoto mchanga huzaliwa na aina ya himoglobini (ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni) aliyotoka nayo tumboni, na hiyo humkinga. Miezi inavyosonga hiyo hupungua, nafasi yake ikachukuliwa na ile ya kudumu, na hapo ndipo ugonjwa hujitokeza, mara nyingi mtoto akishafika miezi sita hivi. Kwetu ulianzia mikononi. Aliamka usiku analia, nikamchukua nimnyonyeshe, akakataa titi. Nikamshika mkono, akapiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Nilipowasha taa nikaona migongo ya mikono yote miwili imevimba, vidole vimekuwa vinene kama vindizi vya Kisii, ngozi imekaza hadi inang'aa. Kila nilipomgusa alizidi kulia. Mama huwa anajua la kufanya mtoto akilia: anamkumbatia. Sasa kumkumbatia ndiko kulikomuumiza.

Madaktari walitueleza kinachotokea, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita hata kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Za mtoto wa sikoseli, zikikosa oksijeni, hujipinda zikawa na umbo la mundu, zikawa ngumu, zikakwama njiani. Mfupa ulio mbele unakosa damu. Hayo ndiyo maumivu yenyewe. Baridi huyaleta, kiu huyaleta, malaria huyaleta, hata uchovu wa kucheza mchana kutwa. Tena chembe hizo hufa mapema, kwa hiyo damu hupungua na macho huwa ya manjano. Wazazi wenye watoto wadogo, mfundishwe na wauguzi jinsi ya kupapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, maana bandama inaweza kuvimba ghafla na mtoto akaishiwa damu kwa muda mfupi sana. Na homa kwa mtoto wa sikoseli haingojwi hadi asubuhi. Boda boda ya usiku ni ghali, lakini panda.

Walimpima binti yetu, kisha wakatupima na sisi. Nashukuru mpaka leo kwamba walitupima wote wawili, maana karatasi hiyo ilikuja kuniokoa.

Katika familia zetu za huku, ugonjwa usiokwisha hutafutiwa chanzo. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna mwiko uliovunjwa: je, nyumba yetu ilijengwa kwa utaratibu? Je, mimi nilipanda mbegu kabla ya mama mkwe wangu? Siwadharau wazee. Miiko hiyo imeshikilia boma nyingi zisisambaratike, na mzee yule aliuliza kwa sababu alimpenda mtoto. Lakini swali lilikaa nyumbani kwangu baada ya yeye kuondoka. Halafu akaja mhubiri wa kutoka mbali, akasema kuna kamba ya laana inayotoka upande wa mama, na kuifungua kunahitaji sadaka ya fedha. Wengine wakamwambia mume wangu waziwazi: damu ya mwanamke huyu ni mbaya, tafuta mwingine akuzalie watoto wazima.

Mume wangu akawatolea ile karatasi ya hospitali. Akasema, "Hapa pana majina mawili. Nusu ya ugonjwa huu ni yangu. Mkitaka kumfukuza, tufukuzeni wote."

Akina baba, nisikieni. Sijui dawa iliyowahi kunifanyia kazi kuliko maneno hayo. (Na kwa kuwa najua kuna wanaojiuliza kimoyomoyo: ndiyo, Wamormoni wa karne ya 19 waliwahi kuoa wake wengi. Kanisa lilitangaza kuachana na jambo hilo mwaka 1890, na leo mshiriki anayeoa wa pili hawezi kubaki mshiriki.)

Karatasi ilisema hivi: mimi ni AS, mume wangu ni AS. Kila mmoja wetu amebeba chembe moja ya urithi yenye kasoro na moja nzima, na hatuumwi. Mtoto akipokea ile yenye kasoro kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, anakuwa SS, na huyo ndiye mwenye ugonjwa. Uwezekano ni mmoja kati ya nne kwa kila mimba. Nasisitiza, kwa kila mimba. Nimesikia watu wakisema, "Huyu mmoja ameshapata, basi watatu wanaofuata wako salama." Haiendi hivyo. Kila mimba inaanza hesabu yake upya.

Na kwa nini huku kwetu, kandokando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ndiko kuliko na watoto wengi namna hii, kuliko kule milimani kwenye baridi? Kwa sababu ya malaria. Mtu aliyebeba chembe moja tu ya urithi ya sikoseli, yaani AS kama mimi, ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi na vizazi, mbu wa ziwa hili waliua watoto, na waliobeba chembe hiyo wakabaki hai kwa wingi zaidi, wakakua, wakazaa, mpaka sisi. Mnaona basi? Kile tunachoambiwa ni laana ya mababu ndicho kilichowafanya mababu zetu wafike utu uzima. Niliposikia hivyo kutoka kwa muuguzi wa kliniki nililia, na kilikuwa kilio tofauti na cha siku zote.

Sasa nije kwenye imani.

Katika Injili ya Yohana, mlango wa 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni lile lile swali la yule mzee na la yule mhubiri. Yesu anajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Hakuwaongezea sharti. Hakusema wazazi wachunguzwe kwanza. Kisha akatema mate, akafanya tope, akampaka macho, akamtuma akanawe. Alifanya kazi kwa mikono yake.

Kanisa letu linashikilia jambo hili kwa nguvu, na ndilo lililonivuta nilipokuwa msichana nikikutana na wamisionari wawili hapa mjini, kabla sijajua kwamba siku moja litakuwa mkate wangu. Makala ya Imani ya pili, moja ya kauli fupi za mafundisho yetu, inafundisha kwamba mtu ataadhibiwa kwa dhambi zake mwenyewe, wala si kwa kosa la Adamu. Kitabu cha Mormoni, andiko tunalolisoma pamoja na Biblia, katika Moroni mlango wa 8, kina barua ya baba kwa mwanawe inayosema watoto wadogo ni hai katika Kristo na hawahitaji toba. Ndiyo maana hatubatizi watoto wachanga. Tunangoja wafikishe miaka minane, umri wa uwajibikaji. Kabla ya hapo hakuna hati ya mashtaka yenye jina la mtoto. Kama Mungu hamhesabii mtoto dhambi ya Adamu, atamhesabiaje mbegu za mahindi nilizozipanda mimi?

Nilijua mafundisho hayo kwa kichwa. Kuyajua kwa mwili kulichukua muda mrefu zaidi. Kuna kipindi nilikuwa nalala nikiwa nimeshika kifundo cha mguu cha binti yangu, nisije nikaamka nikakuta amepoa. Nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nawasikia wanawake sokoni Kibuye wakicheka na kuhisi wanaishi nchi nyingine. Nilipopiga magoti, maneno hayakuja. Mshauri wa kliniki aliniambia hiyo ni huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, na inatibika kwa kuzungumza, kwa usingizi, na wakati mwingine kwa dawa. Nilikwenda kwake, nikazungumza. Nasema haya mbele ya wanaume na wanawake kwa makusudi, kwa sababu kuna mama humu ndani anayedhani akimwona mshauri atakuwa amemkana Mungu. Mama yangu, Mungu hakukana daktari. Rais Russell M. Nelson, aliyeliongoza kanisa letu kuanzia 2018 hadi alipofariki Septemba 2025 akiwa na miaka 101, alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Tulimwita nabii, na mikono yake iliwahi kushika mioyo ya wagonjwa kwenye meza ya upasuaji.

Na kuna hadithi nyingine ambayo wazazi wa sikoseli tunapaswa kuijua kuliko mtu yeyote. Majira ya baridi ya 1812 kuelekea 1813, huko New Hampshire, Marekani, mtoto wa miaka saba alipona homa ya matumbo, lakini ikamwachia usaha ndani ya mfupa wa mguu. Wenzangu, mnajua maumivu ya mfupa; watoto wetu pia hupata usaha wa mifupa. Madaktari waliona wakate mguu. Mama yake akakataa. Akawasihi wajaribu tena, wafungue mfupa na kutoa sehemu iliyooza tu. Wakati huo dawa ya usingizi ya upasuaji haikuwepo. Wakataka kumfunga mtoto kwa kamba kitandani, akakataa. Wakampa pombe imtulize, akakataa. Akasema baba yake aketi kitandani amshike, hapo atavumilia. Kisha akamwomba mama yake atoke nje, kwa sababu alijua mama hataweza kuangalia. Mama akatoka, akaenda mbali na nyumba. Aliposikia mtoto analia akarudi mbio akaingia ndani, wakamtoa. Akarudi tena.

Mtoto huyo alitembea kwa magongo kwa miaka kadhaa. Jina lake ni Joseph Smith, na tarehe 6 Aprili 1830 alilianzisha kanisa hili. Yeye na mkewe Emma walimzika mtoto wao wa kwanza mwaka 1828, siku ile ile aliyozaliwa, na mwaka 1831 wakazika mapacha. Mimi humfikiria sana yule mama, Lucy, akikimbia kwenda na kurudi nje ya nyumba. Aliomba, na papo hapo akabishana na madaktari mpaka wakabadilisha mpango. Hakuona kwamba moja linaharibu lingine. Na baba alifanya kazi ambayo baba yeyote humu anaweza kuifanya bila shilingi hata moja: alikaa kitandani akamshika mtoto.

Nyumbani kwetu tunafanya yote mawili. Binti yetu anameza asidi ya foliki kila siku. Alipokuwa chini ya miaka mitano alikunywa penisilini ili asishambuliwe na vijidudu vya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Analala ndani ya neti na anatumia dawa ya kuzuia malaria. Na anameza haidroksiyurea, ambayo humrudishia mwili ile himoglobini ya utotoni niliyoitaja mwanzo. Msiogope dawa hiyo kwa maneno ya jirani. Ilifanyiwa utafiti kwa watoto wa Kiafrika, katika nchi nne, na Kilifi hapa Kenya ikiwemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na watoto walipata maumivu machache, malaria kidogo, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Waulizeni madaktari wenu kama inamfaa mtoto wenu, na mkianzishiwa, msikose siku za kupimwa damu.

Na tunaita wazee wa kanisa, yaani wanaume wenye ukuhani. Wanakuja wawili, mmoja anatia tone la mafuta ya zeituni yaliyowekwa wakfu juu ya kichwa chake, wanaweka mikono, wanambariki kwa jina la Yesu Kristo. Kuna usiku maumivu yalitulia kabla hawajavaa viatu vyao. Kuna usiku hayakutulia, tukaishia wodini pale hospitali ya Jaramogi, tunayoiita Russia, kwenye dripu, mpaka mchana wa siku ya pili. Watu huniuliza usiku huo wa pili imani ilikuwa wapi. Ilikuwa pale pale. Kitabu cha Mormoni, Alma mlango wa 7, kinafundisha kwamba Kristo alijitwika si dhambi zetu tu, bali pia maumivu, magonjwa na udhaifu wetu, apate kujua, kwa mwili wake, namna ya kutusaidia. Kwa hiyo binti yangu anapouma meno saa nane ya usiku, yupo mmoja anayejua jinsi mfupa huo unavyouma. Mimi mama yake sijui. Nimemzaa na sijui. Namshukuru Mungu kwamba yupo anayejua.

Nisiwasahau watu. Tulipolazwa, dada wa Muungano wa Usaidizi, kundi la akina mama wa kanisa, walikuja na uji kwenye chupa, wakachukua nguo chafu, wakazirudisha zimepigwa pasi. Damu ilipohitajika, ndugu wa akidi ya wazee, kundi la wanaume, walipanda tuktuk wakaenda kutoa. Kwenye ubatizo sisi huahidi kubebeana mizigo na kuomboleza pamoja na waombolezao. Iko Mosia 18. Nimeona ahadi hiyo ikiwa nguo zilizopigwa pasi. Mkitaka kumsaidia mama wa sikoseli msimwulize, "Nikusaidie nini?" Hana nguvu ya kufikiria jibu. Chukua beseni.

Kuna mambo mengine ya kanisa ambayo mtoto wa sikoseli huyabadilisha kidogo. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga, hatuli wala hatunywi kwa milo miwili, na fedha ya chakula hicho tunawapa wahitaji. Binti yetu hafungi. Kukosa maji kunaweza kumlaza hospitalini, na Mungu hataki mfungo wa namna hiyo. Sisi tunafunga kwa ajili yake, yeye anakunywa maji mbele yetu kwenye chupa yake ya rangi ya waridi, na hakuna anayemtazama vibaya. Shuleni ndiko tulikobishana kidogo mpaka wakaelewa: chupa ya maji ikae mezani, aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara mbili, na sweta isivuliwe kwenye gwaride la asubuhi hata kama wengine wote wamevua.

Alipofikisha miaka minane, akataka kubatizwa. Sisi tunabatiza kwa kuzamisha mwili wote, na hata unywele ukitokeza juu ya maji, inarudiwa. Maji ya kisima chetu cha ubatizo ni baridi, na baridi ni adui wake. Nilikuwa tayari kuomba tuahirishe hadi msimu wa joto. Jumamosi hiyo asubuhi nikafika hapa nikakuta akina mama wameinjika sufuria kubwa za harusini kwenye jiko la mkaa nyuma ya jengo, moshi umewajaa machoni, na vijana wa Ukuhani wa Haruni wakipokezana ndoo kwenye ile korido hadi kisimani. Walianza kabla ya jua. Rais wa Msingi, dada anayeongoza darasa la watoto, alikuwa ametumbukiza kiwiko majini, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, akasema bado, leteni mbili zingine. Baba yake akamzamisha, mashahidi wawili wakaitikia kwa kichwa. Alipotoka kulikuwa na taulo tatu, soksi na maziwa ya moto. Hakuumwa wiki hiyo.

Jambo la kaka yake. Tuna kijana mkubwa, yeye ni mzima. Mtoto mzima katika nyumba yenye mgonjwa hujifunza kunyamaza. Anaona wazazi wamechoka, naye hataki kuwa mzigo. Jumatatu jioni, kwenye jioni ya nyumbani, tunaimba wimbo, tunasoma kifungu, kisha kila mtu anasema neno moja kuhusu wiki yake. Jumatatu moja kijana akasema, "Na mimi mniulize naumwa wapi." Tangu hapo Jumamosi mchana ni yake na baba yake. Wanashuka hadi Dunga, wanaangalia mashua zikiingia, wanakula samaki, na habari ya hospitali hairuhusiwi kutajwa mezani. Msiwapoteze hawa wazima mkiwahangaikia wagonjwa.

Akina baba, nina neno moja zaidi kwenu. Katika Kitabu cha Mormoni, Yakobo mlango wa 2, waume wanakemewa kwa kuvunja mioyo ya wake zao na kupoteza imani ya watoto wao. Na Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yetu, sehemu ya 121, inasema ukuhani hauwezi kutumika kwa kulazimisha. Ni kwa ushawishi, uvumilivu, upole na upendo usio na unafiki. Mwanamume anayemtupia mkewe lawama za damu amejiondolea mamlaka ya kuweka mikono juu ya kichwa cha mtoto huyo. Nasema hivyo kwa uzito wote.

Mnamo 18 Mei 2025, Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu na Mzee Ulisses Soares wa Akidi ya Mitume Kumi na Wawili. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Watakatifu wa Kenya walisafiri hadi Johannesburg, na familia kama yetu, yenye bili za hospitali, isingeota safari hiyo. Sisi tulipanda basi la usiku kutoka hapa, binti yetu amefungwa blanketi mbili, na asubuhi tukapiga magoti, mume na mke, watoto wetu wote wamevaa nyeupe, wameweka mikono juu ya yetu. Tuliunganishwa kwa muda na kwa milele yote. Madaktari wananiambia mambo ya mwezi huu na ya mwaka huu, na nawasikiliza. Mambo ya baada ya hapo tayari yameshafungwa mahali pengine.

Wapo humu waliokwisha kumzika. Nawaona, na sitapita kama sijawaona. Imani yetu inafundisha kwamba watoto wote wanaofariki kabla ya umri wa uwajibikaji wanaokolewa katika ufalme wa mbinguni. Iko katika Mafundisho na Maagano, sehemu ya 137. Hawangojei kuombewa wala kufunguliwa kamba yoyote. Na wewe uliyemzika hukumpoteza kwa uzembe wala kwa dhambi. Ulimpeleka hospitali, ulimshika, ulikaa naye.

Vijana ambao hamjaoa: pimweni. Jua kama wewe ni AA, yaani hujabeba kasoro kabisa, au AS, au SS kabla ya kumpeleka mtu nyumbani kwa wazazi. Kanisa halitawachagulia wa kuoana naye, na mimi mwenyewe ningemwoa mume wangu tena. Lakini ningejua kumpima mtoto siku ya kwanza kabisa, kwa tone la damu ya kisigino.

Muuguzi wa kliniki ya sikoseli yupo kwenye darasa la Msingi, mlango wa pili kulia mkitoka hapa. Anapima bila malipo, majibu yanatoka leo leo, na mama yeyote anayetaka kuzungumza faraghani atanikuta mimi kwenye chumba kinachofuata. Njooni wawili wawili, baba na mama. Nashuhudia kwamba Baba yetu wa Mbinguni anawajua watoto hawa kwa majina, na kwamba ameniponya mimi kabla ya kumponya binti yangu. Katika jina la Yesu Kristo, amina.